Msilaumu Koleo

Mwulize mtu yeyote mwenye tatizo la moyo ni lini meno yake yanaweza kumdhuru. Atakujibu: siku ya kung'oa. Jibu hilo utalipata kwa mgonjwa, kwa ndugu anayemsindikiza kliniki, na mara nyingi kwa mhudumu wa afya anayemwandikia dawa. Kwa imani hiyo kinywa hakina neno mwaka mzima, mpaka daktari wa meno ashike koleo. Hapo ndipo bakteria hupenya kwenye damu na kuuvamia moyo. Kinga yake ni vidonge vya kumeza kabla ya kung'oa, na wengine huona kinga bora zaidi ni kutokwenda kwa daktari wa meno kabisa. Naipinga imani hii. Inamfundisha mtu kuogopa siku moja na kuzipuuza siku 364 ambazo fizi zake zinatoka damu bila kuguswa na daktari yeyote.

Ugonjwa wenyewe ni maambukizi ya utando wa ndani wa moyo, hasa kwenye valvu, ile milango inayoruhusu damu iende mbele na kuizuia isirudi nyuma. Bakteria wakishajishikiza pale, huota kinyama laini kilichochanganyika damu iliyoganda na bakteria wenyewe. Valvu hutoboka au kuchanika, damu hurudi ilikotoka, moyo unaelemewa. Vipande vya kinyama kile humeguka na kusafiri. Kikifika kwenye ubongo, mtu anapooza upande mmoja. Kikifika kwenye figo au wengu, sehemu ya kiungo hicho inakufa. Kabla ya penisilini karibu kila aliyeugua alifariki. Hata leo, kwenye hospitali zenye vifaa vyote, kati ya wagonjwa watano mmoja au zaidi hamalizi mwaka.

Gustav Mahler, mtunzi mkubwa wa muziki wa Austria, aliambiwa mwaka 1907 kwamba valvu ya moyo wake ina kasoro. Februari 1911, akiwa New York, alishikwa na homa isiyokwisha. Daktari Emanuel Libman wa hospitali ya Mount Sinai aliagiza damu yake ipimwe. Msaidizi wake George Baehr aliichukua na kuiotesha, na baada ya siku chache walichokiona kimeota ni bakteria waitwao streptokoka, wa jamii ile inayoishi kinywani na kooni. Mahler alifariki Vienna tarehe 18 Mei mwaka huohuo, akiwa na miaka 50. Walioandika habari za ugonjwa wake wanataja koo lililomsumbua mara kwa mara na valvu iliyokwisha kuharibika. Mambo hayo mawili yalitosha.

Hoja yangu inasimama juu ya namna bakteria wa kinywani wanavyojishikiza, kwa hiyo tulitazame jambo hilo kwa karibu. Dakika chache tu baada ya kupiga mswaki, jino linakuwa limeshavikwa utando mwembamba wa protini za mate. Miongoni mwa wa kwanza kutua juu ya utando huo ni streptokoka, hasa Streptococcus sanguinis na Streptococcus gordonii. Maisha yao pale ni magumu. Mate hayaachi kutiririka, ulimi hauachi kusugua, na bakteria asiyeweza kushika humezwa akaishia tumboni. Hawa wanashika. Kwenye ganda lao wana protini ndefu zinazochomoza nje, ambazo ncha zake huitambua sukari moja iliyoko kwenye protini za mate, iitwayo asidi ya sialiki. Protini hiyo kwa gordonii inaitwa Hsa, kwa sanguinis inaitwa SrpA. Wakishanata wao, wengine hunata juu yao, na baada ya siku moja au mbili mtu anausikia kwa ulimi ule utelezi tunaouita ukoga.

Sasa tutoke kinywani twende kwenye damu. Humo mna chembe ndogo kazi yake kugandisha damu palipo na jeraha. Juu ya kila chembe kuna protini, GPIb, na protini hiyo imebeba sukari ya namna ileile ya kwenye mate. Bakteria aliyezoea kung'ang'ania jino ndani ya mate yanayotiririka anafika kwenye damu inayokwenda kasi zaidi, na anakuta cha kushika. Hahitaji silaha mpya. Uwezo uleule unaomweka kwenye jino ndio unaomweka kwenye moyo, na ndiyo sababu nakataa kabisa kusikia eti kinywa ni kinywa na moyo ni moyo.

Kinachobaki ni mahali pa kutua. Valvu nzima ni laini na bakteria hupita juu yake bila kusimama. Valvu yenye kovu ni habari nyingine: damu inapita kwa msukosuko, inaukwaruza utando, mwili unapeleka chembe za kugandisha na nyuzi za fibrini ili kuziba, na pale pale penye kiraka kile ndipo streptokoka hutua. Mwaka 1972 watafiti Durack na Beeson walilionyesha hili kwa sungura. Walipitisha mrija mwembamba hadi ndani ya moyo, ukaikwaruza valvu, donge dogo la damu likaganda juu yake, kisha wakaingiza bakteria kwenye mshipa. Bakteria wakanasa kwenye lile donge. Wakishanasa, huziita chembe nyingine za kugandisha ziwafunike, na chini ya blanketi hilo askari wa damu hawawafikii vizuri, maana valvu yenyewe ina mishipa michache mno. Ndani ya gramu moja ya kinyama kile wanaweza kujaa bakteria bilioni moja na zaidi. Ndiyo maana matibabu yake ni dawa za kuingizwa kwenye mshipa kwa wiki nne hadi sita. Vidonge vya siku tano kutoka duka la dawa huishusha homa tu, na bakteria wakabaki.

Sukari ya mezani nayo imo. Baadhi ya streptokoka, Streptococcus mutans akiwemo, huigeuza kuwa gundi inayowakamatisha kwenye jino, na tangu miaka ya 1970 maabara zimeonyesha kwamba gundi hiyo huwasaidia pia kunata kwenye valvu iliyojeruhiwa.

Kwa hiyo swali la maana ni moja: bakteria hawa huingia kwenye damu lini? Wanaolaumu koleo wana ushahidi wao, na ni ushahidi wa kweli. Mwaka 1935 huko London, watafiti Okell na Elliott walipima damu ya watu 138 waliong'olewa meno, wakakuta streptokoka kwa asilimia 61. Utafiti huo ndio ulioelekeza mawazo ya dunia kwenye kiti cha daktari wa meno, na mwaka 1955 Chama cha Moyo cha Marekani kikatoa mwongozo wa kwanza wa kutumia dawa kabla ya kung'oa. Lakini ripoti ileile ina namba nyingine ambayo haikupata umaarufu. Miongoni mwa wenye kinywa kibovu, asilimia 11 walikutwa na streptokoka kwenye damu kabla hawajaguswa na mtu. Walikuwa wamekaa tu, na bakteria wako kwenye mzunguko.

Namba hiyo ndogo ndiyo iliyostahili kututisha. Kung'oa jino ni tukio la mara moja au mbili katika miaka mingi. Kutafuna ni kila siku. Kupiga mswaki ni kila siku. Mwaka 2008 mtafiti Lockhart na wenzake huko Marekani waliwagawa watu 290 katika makundi matatu na kupima damu yao mara kadhaa. Kundi la kwanza lilipiga mswaki tu: asilimia 23 walikutwa na bakteria wa jamii zinazoweza kuambukiza moyo. La pili lilimeza amoksilini kisha likang'olewa: asilimia 33. La tatu lilipewa kidonge kisicho na dawa kisha likang'olewa: asilimia 60. Dawa ilisaidia, hilo silikatai. Lakini mtu mmoja kati ya watatu aliyekwisha kumeza kinga yake bado alikuwa na bakteria kwenye damu, na mtu mmoja kati ya wanne hivi aliwaingiza kwa kupiga mswaki, jambo ambalo kesho yake angelirudia asubuhi na jioni. Mtafiti Roberts wa London alikwisha kupiga hesabu hiyo mwaka 1999: kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa mwaka mzima humweka mtu kwenye hatari ya bakteria kuingia damuni mara 154,000 zaidi ya kung'olewa jino moja. Hesabu za namna hii ni makadirio, na mtu anaweza kubishana na tarakimu za mwisho. Mwelekeo wake haubishaniwi.

Hapa watu hurukia hitimisho baya kuliko lile la kwanza: kama mswaki unaingiza bakteria, basi na tuuache. Utafiti uliofuata wa Lockhart, wa mwaka 2009, unajibu. Wenye ukoga mwingi na ukoga uliokwisha kuwa mgumu kama jiwe walikuwa na hatari karibu mara nne ya kuingiza bakteria damuni wanapopiga mswaki, na wale ambao fizi zao zilitoka damu kila mahali, karibu mara nane. Tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa hali ya fizi zake. Ufizi mzima umelikumbatia jino na kufunga. Ufizi uliovimba una kidonda kisichoonekana, kimezunguka jino kwa ndani, na kila tonge la ugali linayasukuma meno na kuwasukuma bakteria ndani ya kidonda hicho. Asiyepiga mswaki naye anatafuna.

Kuna tabia moja ninayoiona kila mahali nayo inaniumiza. Mtu anapiga mswaki asubuhi, anatema povu, anaona limechanganyika na wekundu. Anaogopa. Kesho anaipitia sehemu ile juujuu, keshokutwa anaiacha kabisa ipone. Ukoga unarundikana palepale, ufizi unavimba zaidi, damu inaongezeka. Alichotakiwa kufanya ni kinyume: kusugua pale taratibu, kila siku, kwa mswaki laini, na damu isipokoma ndani ya wiki moja au mbili, aende akasafishwe meno. Damu ikitoka machoni tungekimbia hospitali usiku. Ikitoka kwenye fizi tunasuuza na kwenda kazini.

Miongozo ya dunia imekwisha kubadilika, ingawa habari hazijafika kwenye mabenchi ya kliniki zetu. Mwaka 2007 Chama cha Moyo cha Marekani kilipunguza watu wanaostahili dawa kabla ya kung'oa, kikabakiza walio kwenye hatari kubwa kabisa: wenye valvu za bandia, waliowahi kuugua ugonjwa huu, wenye kasoro fulani za kuzaliwa nazo, na baadhi ya waliopandikizwa moyo. Kilisema wazi kwamba kuitunza afya ya kinywa huenda kuna maana kubwa kuliko dawa hiyo. Uingereza mwaka 2008 ilikwenda mbali zaidi, ikashauri dawa isitolewe, na baadaye ikalegeza kauli. Mimi naona Uingereza ilizidisha. Mtu mwenye valvu ya bandia anayekwenda kung'olewa jino na ameze gramu 2 za amoksilini kama saa moja kabla, kwa maelekezo ya daktari wake. Ninachopinga ni kuifanya dozi hiyo moja ndiyo kinga yote ya moyo.

Najua wanachojibu wataalamu. Watasema hakuna utafiti mkubwa uliowagawa watu kwa bahati nasibu ukathibitisha kwamba mswaki huzuia ugonjwa huu. Kweli, haupo. Wa kidonge pia haupo; wachambuzi wa tafiti za tiba wa shirika la Cochrane wameutafuta kwa miaka na hawakuupata. Anayedai ushahidi wa daraja hilo kwa mswaki na audai kwa amoksilini. Watasema pia kwamba kwenye nchi tajiri anayeongoza kuambukiza valvu siku hizi ni Staphylococcus aureus, ambaye mara nyingi huingilia kwenye ngozi, kwenye mirija ya hospitali na kwenye sindano za dawa za kulevya. Ni kweli, na jambo hilo linahitaji makala yake. Kwetu valvu zilizoharibika ni za vijana, na chanzo chake ni kingine.

Wengine hofu yao inatoka kwenye historia, na hao nawaheshimu zaidi. Mwaka 1910 William Hunter, daktari Mwingereza, alihutubia Montreal akidai kwamba uozo wa kinywa ni chanzo cha magonjwa chungu nzima. Kilichofuata kilikuwa maafa. Meno mazima yaling'olewa kwa maelfu kutibu viungo, tumbo, hata akili. Huko Trenton, New Jersey, daktari Henry Cotton aliwang'oa meno wagonjwa wa akili akidhani anawaponya. Upepo ulipogeuka, madaktari waliona aibu hata kutaja meno, na taaluma mbili zilizokwisha kutengana tangu chuo cha Baltimore kilipofunguliwa mwaka 1840 kufundisha udaktari wa meno peke yake zikazidi kupeana mgongo. Sisemi jino bovu huleta kila ugonjwa. Nasema streptokoka wa kinywani huambukiza valvu zenye kovu, na hilo lina ushahidi wa damu iliyooteshwa maabara kwa zaidi ya miaka mia moja.

Sasa twende Afrika. Hapa kovu la valvu huletwa zaidi na homa ya rumatiki: mtoto anaumwa mafindofindo ya streptokoka wa kundi A, hatibiwi, kinga ya mwili wake inageuka na kuushambulia moyo. Utafiti uitwao REMEDY, uliochapishwa mwaka 2015, ulikusanya wagonjwa 3,343 wa aina hiyo kutoka nchi 14, Kenya, Uganda na Rwanda zikiwemo. Nusu yao hawakuwa wamevuka miaka 28. Theluthi mbili walikuwa wanawake. Fikiria maana yake: ni wanawake wa umri wa kuzaa, na ujauzito huzifanya fizi zivimbe na kutoka damu kwa urahisi. Halafu huyu dada mjamzito, mwenye valvu yenye kovu na fizi zinazotoka damu, anaambiwa na mama mkwe na jirani kwamba mwenye mimba hashikwi meno mpaka ajifungue. Yaani anazuiwa kusafishwa katika miezi ambayo anahitaji zaidi. Kusafisha meno wakati wa ujauzito ni salama, na wauguzi wa kliniki za wajawazito wanapaswa kulisema hilo kwa sauti.

Wagonjwa hawa huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, na wengi wao wanaamini imewakinga na kila kitu. Haikuwekewa kazi hiyo. Inazuia streptokoka wa koo asirudi kuleta homa ya rumatiki. Kiasi chake kwenye damu ni kidogo na streptokoka wa kinywani wanaweza kuizoea. Ndiyo maana miongozo inasema anayechomwa sindano hizo, ikibidi apewe dawa kabla ya kung'oa, apewe ya jamii tofauti. Ni wagonjwa wangapi wameambiwa? Na akishikwa na homa ya wiki tatu, anakonda, anatoka jasho usiku, atatibiwa malaria, kisha homa ya matumbo, kisha ataongezewa antibiotiki nyingine, na siku atakapofikiriwa kupimwa damu kwa kuotesha, hakuna kitakachoota, kwa sababu dawa zimekwisha kuwanyamazisha bakteria bila kuwaua wote. Mwenye valvu mbovu na homa isiyoeleweka achukuliwe damu ya kuotesha kabla ya antibiotiki ya kwanza.

Gharama? Mswaki wa dukani, au mswaki wa mti ambao watu wa Pwani wameutumia vizazi na vizazi, pamoja na kusafishwa meno mara moja au mbili kwa mwaka, haviwezi kulinganishwa na kupasuliwa kifua. Na hapa ndipo madaktari wa moyo wenyewe wananipa hoja yangu ya mwisho. Mgonjwa anapopangiwa kuwekewa valvu ya bandia, kwa kawaida hupelekwa kwanza kwa daktari wa meno: mabovu yang'olewe, usaha utolewe, fizi zisafishwe, ndipo kifua kifunguliwe. Wanajua. Hawako tayari kuweka valvu ya mamilioni ya shilingi juu ya kinywa kinachotoka damu. Basi valvu ile ya kuzaliwa, iliyo na kovu lakini bado inafanya kazi, ilistahili tahadhari hiyohiyo miaka kumi kabla, siku msichana wa miaka kumi na minne alipofika kliniki kwa mara ya kwanza, akapimwa uzito, akasikilizwa moyo, akaandikiwa tarehe ya sindano, na akaondoka bila mtu kumwambia afungue kinywa.